MNYAMA SI FURUSHI

Mwezi wa Oktoba mwaka 2025, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi ambao yafaa kila msafiri mwenye mnyama aujue. Abiria mmoja alimpoteza mbwa wake mwaka 2019 katika uwanja wa ndege wa Buenos Aires, nchini Argentina, alipokuwa akielekea Barcelona. Mbwa huyo hakuruhusiwa kuingia katika chumba cha abiria kwa sababu ya ukubwa na uzito wake. Akatiwa kizimbani ili asafiri pamoja na mizigo, akatoroka alipokuwa akipelekwa kwenye ndege, wala hakuonekana tena. Mwenyewe alidai fidia ya euro 5,000. Mahakama ilisema kwamba, kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, mnyama anayesafiri na abiria huhesabiwa kuwa ni mzigo, na fidia yake haiwezi kupita kiwango kilichowekwa kwa mizigo, ila kama abiria alitoa tamko maalumu la thamani alipomkabidhi.

Hatuna ugomvi na majaji hao. Kazi yao ni kuifasiri sheria iliyokwisha andikwa. Lakini jambo hili latuhusu, kwani Kenya na Tanzania nazo zimo katika mkataba huo. Hukumu ya Ulaya haiwafungi mahakimu wetu, lakini maneno watakayotakiwa kuyafasiri, iwapo kesi ya namna hiyo itafika mbele yao, ni yale yale. Mwananchi anayempandisha paka wake katika ndege ya kwenda ng'ambo na afahamu hivyo kabla ya kuondoka nyumbani.

Sheria yaweza kumwita mnyama mzigo inapohesabu fidia. Hatari huanza pale mtu anapomtendea kama mzigo. Mfano wake ulionekana nchini Marekani mwezi wa Machi mwaka 2018, katika ndege iliyokuwa ikitoka Houston kwenda New York. Mama mmoja aliyekuwa akisafiri na watoto wake alikuwa na mbwa mdogo ndani ya mfuko uliokubaliwa, naye alikuwa ameilipia nafasi ya mnyama huyo. Mhudumu wa ndege alimtaka auweke mfuko katika kabati la mizigo juu ya viti. Ndege ilipotua baada ya saa tatu na zaidi, mbwa alikuwa amekwisha kufa. Shirika lenyewe lilikiri kwamba jambo hilo halikupasa kutokea kamwe, na katika mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayokataza kumweka mnyama hai ndani ya kabati hilo.

Twauliza: je, ilihitajika sheria ya Bunge ili watu wazima wafahamu kwamba kiumbe chenye mapafu hakifungiwi kabatini? Abiria waliokuwa karibu walimsikia mbwa akilia. Kila mmoja alidhani kwamba mwenye mamlaka ndiye ajuaye. Hilo ndilo funzo kubwa la mkasa huu. Sare ya kazi humpa mtu madaraka, lakini haimwondolei msafiri wajibu wa kusema kwa adabu na kwa uthabiti, "Humu mna kiumbe hai."

Hata hivyo, haitakuwa haki kuwalaumu watumishi wa ndege peke yao. Wapo wenye wanyama ambao nao wameiharibu njia. Kwa miaka mingi sheria za Marekani ziliruhusu mnyama wa kumliwaza mgonjwa wa moyo mzito kusafiri ndani ya chumba cha abiria bila malipo. Nia ilikuwa njema. Wajanja wakaigeuza kuwa mlango wa nyuma, wakajipatia vyeti ili wakwepe nauli ya wanyama, hata mwaka 2018 mtu mmoja akafika uwanja wa Newark na tausi. Mbwa wasiofunzwa waliuma abiria na watumishi. Walioumia zaidi ni watu wasioona, ambao mbwa wao waliofunzwa kwa muda mrefu walianza kutazamwa kwa shaka. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Mwezi wa Desemba mwaka 2020 serikali ya Marekani iliufunga mlango huo: mbwa aliyefunzwa kumhudumia mlemavu ndiye pekee anayetambuliwa sasa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri, na kwamba hapa kwetu Pwani, ambako kuku husafiri chini ya kiti cha basi miguu ikiwa imefungwa, hatuna nafasi ya kumfikiria paka wa ndege. Twaifahamu hoja hiyo, lakini hatuikubali. Wananchi wetu wengi huhamia ng'ambo kwa kazi na masomo, na baadhi yao hawataki kumtupa mtaani mnyama aliyekua pamoja na watoto wao. Tena, aliyezoea kumwona kuku akiteseka asiifanye kasoro hiyo kuwa kipimo cha mambo mengine.

Kwa hiyo twatoa ushauri kwa wote wanaohusika. Mwenye mnyama aanze matayarisho mapema. Ndani ya chumba cha abiria, mfuko wa mnyama hauna budi kuenea chini ya kiti cha mbele, na mashirika mengi ya Ulaya huweka kikomo cha kilo 8 pamoja na mfuko wenyewe. Anayempeleka paka au mbwa katika nchi za Umoja wa Ulaya kutoka Kenya au Tanzania ahesabu miezi 4 au zaidi: chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha damu ipimwe si chini ya siku 30 baada ya chanjo, halafu angoje miezi 3. Uingereza haikubali mnyama aingie kwa ndege akiwa ndani ya chumba cha abiria, ila mbwa wa kumsaidia mlemavu. Masharti haya si usumbufu wa bure. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia.

Asimpe mnyama dawa ya usingizi kwa kujiamulia, maana madaktari wa mifugo huonya kwamba yaweza kumdhuru pumzi na moyo akiwa angani. Mwenye mbwa wa pua bapa awe mwangalifu zaidi. Takwimu zilizotolewa nchini Marekani mwaka 2010 zilionyesha kwamba karibu nusu ya mbwa 122 waliokufa safarini katika miaka 5 walikuwa wa namna hiyo.

Abiria mwenye pumu au mzio naye ana haki yake, naye apewe kiti cha mbali bila kunung'unikiwa.

Mashirika ya ndege yanayotua katika viwanja vyetu twayaomba mambo matatu. Kwanza, masharti ya kusafirisha wanyama yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na yatolewe wakati wa kukata tikiti, si mlangoni pa ndege. Pili, kila mhudumu afundishwe kwamba mnyama hawekwi kabatini, hata ndege iwe imejaa namna gani. Tatu, abiria anayemkabidhi mnyama wake aende na mizigo aambiwe waziwazi kuhusu lile tamko la thamani, kwa sababu asiyejulishwa haki yake ni sawa na aliyenyang'anywa.

Na serikali zetu, zitakapoketi tena na wenzao kuuzungumza mkataba huo, zipendekeze kwamba mnyama hai awe na kifungu chake mwenyewe. Sanduku likipotea hununuliwa jingine. Yule mbwa wa Buenos Aires hakuwa sanduku, na aliyempoteza alilijua hilo kabla ya mahakama yoyote kuketi.