Steringi Anapokufa

Mtazamaji wa tamthilia za njozi na za kutisha hukubali mengi. Wafu hutembea, majoka hutema moto, naye hana kinyongo. Asichokubali kirahisi ni kisa kugeuka ghafla bila sababu iliyotokana na mambo yaliyotangulia. Vilio na ghadhabu zinazofuata migeuko hiyo hupuuzwa kuwa ni ushabiki tu, na wahakiki wengi huzipita kando. Hoja ya toleo hili ni kwamba zinastahili kusomwa kama uhakiki. Anayelia na anayekasirika wote wawili wamekwisha kutoa hukumu juu ya ufundi wa msuko, hata kama hawana istilahi za kuieleza.

Aristotle aliligusa jambo hili katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Aliona kwamba tukio huwagusa watu zaidi linapokuja kinyume cha matarajio yao na bado likawa limezaliwa na matukio yaliyolitangulia. Sharti la pili ndilo ambalo waandishi wa runinga hulisahau.

Tarehe 12 Juni 2011, tamthilia ya Game of Thrones ilimkata kichwa Ned Stark kabla msimu wa kwanza haujaisha. Sean Bean, aliyemwigiza, ndiye aliyewekwa kwenye mabango ya matangazo akiwa ameketi juu ya kiti cha enzi, na mazoea ya filamu yamewafundisha watu kwamba steringi hafi. Mshtuko ulikuwa mkubwa. Hata hivyo, aliyerudi nyuma kuangalia alikuta kifo kile kimeandaliwa hatua kwa hatua: kwa kuwahurumia watoto wa malkia Cersei, Ned alimweleza mama yao mapema kwamba siri yake imejulikana, kisha akamtegemea Littlefinger, mtu aliyekwisha kumwonya asimwamini.

Harusi Nyekundu, yaani mauaji ya Robb Stark, mwana wa Ned, na watu wake karamuni katika tamthilia hiyohiyo, iliyorushwa tarehe 2 Juni 2013, ilitikisa watu zaidi. Waliosoma riwaya ya George R. R. Martin ya mwaka 2000 walijua kinachokuja, na baadhi yao waliwarekodi jamaa zao wakitazama. Video hizo zilisambaa duniani: watu wameziba midomo, wengine wanapiga mayowe, wengine wameduwaa huku majina ya waigizaji yakipita bila muziki. Wapo walioapa kutoitazama tena tamthilia hiyo, lakini msimu wa 4 ulipata watazamaji wengi kuliko wa 3. Walibaki kwa sababu uovu ule ulikuwa na mantiki. Robb Stark alikuwa amevunja ahadi ya kuoa katika ukoo wa Frey, tena kwa watu waliompa njia ya kuvusha jeshi lake. Kilichowachoma watazamaji ni kuuawa kwa wageni waliokwisha kula chumvi ya mwenyeji, na hilo halihitaji kuelezwa kwa msomaji yeyote wa Kiswahili. Martin mwenyewe amesema aliazima kutoka historia ya Uskochi: karamu ya mwaka 1440 katika ngome ya Edinburgh, ambamo kijana wa ukoo wa Douglas aliuawa pamoja na ndugu yake, na mauaji ya Glencoe ya mwaka 1692.

The Walking Dead ilipata hukumu ya namna nyingine. Oktoba 2015 tamthilia hiyo ya wafu wanaotembea ilimwonyesha Glenn, mmoja wa wahusika wake wakuu, akianguka kutoka juu ya pipa kubwa la taka katikati ya umati wa wafu, matumbo yakiraruliwa mbele ya kamera, na jina la mwigizaji wake likaondolewa mwanzoni mwa vipindi vilivyofuata. Mwezi uliofuata ikabainika kwamba alijificha chini ya pipa. Kisha, tarehe 3 Aprili 2016, msimu wa 6 ulifungwa kwa Negan, adui mpya, akimpiga rungu mtu ambaye hakuonyeshwa. Watazamaji walingojeshwa hadi tarehe 23 Oktoba kujua ni nani. Nchini Marekani watu wapatao milioni 17 walitazama jibu. Juma lililofuata walibaki kama milioni 12. Katika katuni asilia Glenn alikuwa amekwisha kuuawa na Negan mwaka 2012, kwa hiyo wapo walioudhika ingawa jina la marehemu halikuwashangaza. Ghadhabu yao ilielekea kwenye hila ya kuwashika kwa miezi.

Kesi ya Daenerys, malkia mwenye majoka katika Game of Thrones, ni ngumu zaidi, na ndiyo inayodhihirisha umakini wa watazamaji. Mei 2019 aliuchoma moto mji uliokwisha kusalimu amri. Madokezo ya ukatili wake yalikuwapo tangu alipowasulubisha mabwana wa Meereen, lakini msimu wa mwisho ulikuwa na vipindi 6 badala ya 10 vya ile sita ya mwanzo, na badiliko lililohitaji muda likapewa dakika. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu huo uandikwe upya. Ombi hilo halikutimizwa. Lakini wengi wa waliolalamika walikubali mwisho na kuikataa njia iliyofuatwa kuufikia, na hiyo ni tofauti ambayo mhakiki aliyesomea kazi hiyo angejivunia kuiona.

Swali linabaki kama mshtuko wenyewe ndio uletao raha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha mwaka 2011 matokeo yaliyoonyesha kwamba wasomaji walioambiwa mwisho wa hadithi fupi mapema walizifurahia zaidi. Tafiti nyingine za baadaye zimepata kinyume chake, na mjadala haujafungwa. Lakini Harusi Nyekundu hutazamwa tena na watu wanaoijua vizuri, na mara ya pili humwona Roose Bolton, mmoja wa wasaliti, akikataa mvinyo na milango ikifungwa wanamuziki wanapobadili wimbo. Anayelirudia tukio la pipa la taka anakuta tu kamera iliyowekwa mahali pa kumdanganya.