Kuunga PDF si sababu ya kumpa mgeni kitambulisho chako

Watu wangu, leo sizungumzii siasa. Nazungumzia faili. Ile PDF moja ambayo matangazo ya kazi hayachoki kuitaka: weka stakabadhi zako zote katika faili moja.

Hebu hesabu nami. Kitambulisho, mbele na nyuma. Cheti cha KCSE. Cheti cha chuo kama unacho. Halafu zile za Sura ya Sita ya Katiba: KRA, HELB, cheti cha tabia njema kutoka DCI, EACC na barua ya CRB. Hicho cha DCI peke yake kimekuwa kikilipiwa Sh 1,050 kwenye eCitizen. Ukimaliza kuzisaka unabaki na faili nane au tisa, kila moja na jina lake la ajabu, nyingine PDF, nyingine picha ya simu. Na siku ya mwisho ni leo.

Hapo watu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama wanashuka hadi saiba, ama wanatafuta kwa Google tovuti ya kuunga PDF bure na kubonyeza ya kwanza iliyotokea. Maoni yangu ni kwamba njia zote mbili zinatugharimu kuliko tunavyodhani, na dawa yake iko ndani ya uwezo wetu sisi vijana wa huku huku.

Tuanze na tovuti. Si zote ni mbaya. iLovePDF kwa mfano ni kampuni ya Barcelona inayojulikana, na tovuti nyingi za aina hiyo husema zinafuta faili zako baada ya muda mfupi. Lakini wewe unajuaje uko kwenye ile halisi? Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kuhusu tovuti za bure za kubadilisha na kuunga faili. Hatari yenyewe ni kwamba kazi uliyoomba inafanyika vizuri kabisa. Unapata PDF yako, unafurahi, kumbe faili imekuja na virusi, au stakabadhi ulizopandisha zimechotwa namba za kitambulisho na za benki.

Saiba nayo? Nawaheshimu sana wenye saiba, wametuokoa wengi. Lakini tuseme ukweli. Unatuma stakabadhi kwa WhatsApp ya saiba, zinashushwa, zinaungwa, unalipa, unaenda. Zile faili zinabaki pale kwenye kompyuta. Anayekaa kiti hicho baada yako anaweza kuona kitambulisho chako, namba ya simu, sahihi na alama zako za shule. Nchi hii yenye mikopo ya simu kila kona, hayo ni mengi sana kumwachia mtu usiyemjua.

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya mwaka 2019, na Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Ofisi hiyo si ya mapambo: Septemba 2023 iliitoza shule moja Sh 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto hadharani bila idhini ya wazazi. Kama picha inaweza kugharimu hivyo, folda iliyojaa vitambulisho vya watu si mchezo.

Sasa tuje kwa suluhisho. Vijana wengi wanaojifunza kuandika programu wanaota kujenga app itakayoshindana na M-Pesa. Sawa, ota. Lakini kuna kazi ndogo hapa Matinyani na Kabati inayosubiri mtu: plagini ya kukata na kuunga faili, inayokaa ndani ya mfumo unaojiendesha, kwenye kompyuta ya saiba yenyewe, bila kupandisha chochote kwenye intaneti.

Si uchawi. Ndani ya PDF kila kitu ni kipande chenye namba: ukurasa, picha, aina ya herufi. Faili mbili zote zina kipande namba 1. Kuunga ni kuzipa namba upya zisigongane, kisha kuandika orodha moja ya kurasa. Ndiyo maana kuunga vizuri hakuharibu ubora, tofauti na kuchapisha kila kitu kisha kuskani tena. Programu ya bure inayoitwa qpdf inafanya hiyo kazi bila intaneti, hata kwenye simu ya Android ukiwa na Termux. Amri yenyewe ni mstari mmoja:

qpdf --empty --pages kitambulisho.pdf kcse.pdf kra.pdf -- zote.pdf

Kazi ya plagini ni yale yanayozunguka mstari huo. Ichukue faili za mteja kwenye folda yake. Igeuze picha kuwa PDF na kuzipunguza uzito kabla ya kuunga, kwa sababu kuunga hakupunguzi uzito: picha sita za simu za MB 4 kila moja ni MB 24, na mlango wa maombi unaoruhusu MB 2 utazikataa. Izipange kwa mfuatano tangazo linaotaka. Itoe faili moja yenye jina linaloeleweka. Halafu, hii ndiyo muhimu kuliko zote, ifute kila kitu jioni. Ukitumia mfumo kama n8n, uliotoka Berlin mwaka 2019 na unaoweza kuendeshwa kwenye mashine yako mwenyewe, hatua hizo unazipanga kama shanga.

Onyo moja: faili yenye sahihi ya kidijitali ukiiunga na nyingine, sahihi hiyo haitathibitika tena. Plagini nzuri inafaa kuitambua faili kama hiyo na kuiacha peke yake.

Na kukata je? Fikiria ofisi inayopokea fomu za basari. Karani anaskani rundo zima mara moja, inatoka PDF moja ya kurasa 300. Fomu zikiwa na kurasa nne kila moja, mfumo unazikata kuwa faili 75, badala ya karani kukaa kubonyeza siku mbili huku mtoto wa mtu amerudishwa nyumbani kwa karo.

Najua kuna atakayesema nawaharibia wenye saiba biashara. Mimi naona kinyume. Mteja halipii kubonyeza kitufe, analipia mtu anayejua kile tangazo linataka. Ukimhudumia kwa dakika tatu badala ya ishirini, na ukimwonyesha faili zake zikifutwa, atarudi na atamleta dada yake.

Mwingine atasema hiyo ni kazi ya wenye digrii. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na qpdf haijawahi kuniuliza cheti. Maelezo yake yako wazi kwa yeyote.

Hapa Ukambani tuna mwethya. Watu hukusanyika na majembe, wanachimba makinga maji shamba la huyu leo, kesho la yule. Programu huria ni hivyo hivyo: mtu alishachimba sehemu yake, anakuachia mtaro uendeleze. Kwa hiyo kama unajua JavaScript au Python kidogo, anza na saiba moja. Muulize mwenyewe ni tangazo gani limeleta watu wengi wiki hii, jenga kwa ajili ya hilo, kisha toa msimbo bure ili kijana wa Mutonguni naye autumie.

Na wewe usiyeandika msimbo, una kazi pia. Ukienda saiba, kabla hujalipa, sema hivi kwa heshima: "Boss, naomba ufute faili zangu nikiona." Usiondoke mpaka zifutwe, na ukumbuke kwamba hata pipa la taka la kompyuta humwagwa.