Chujio la Subaru lipimwe kwa vumbi, si kwa mngurumo
USUKANI
Na Salim Wanyonyi

Vijana wenye Subaru Impreza za turbo wanauziwa mngurumo, nao wanaulipia kwa injini zao. Ukifika maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, utaonyeshwa chujio la hewa jekundu, limechongoka kama pia, na kuambiwa litaongeza nguvu. La vumbi halitajwi, na ndilo la kuuliza kwanza.

Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta karibu lita 6,000 za hewa dakika hiyo. Turbo ikisukuma hewa kwa shinikizo la bar moja, kiasi hicho hukaribia maradufu. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya na kuchanganyika na oili, husaga ringi na kuta za silinda, gari likaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Mapanga ya turbo nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mchanga huyala taratibu.

Chujio zuri la karatasi huzuia zaidi ya asilimia 99 ya vumbi. Ukiletewa linalozuia asilimia 97, usiseme tofauti ni ndogo. Hesabu kinachopita: sehemu 3 badala ya chini ya 1, yaani vumbi zaidi ya mara tatu. Kipo kipimo cha kimataifa, ISO 5011, kinachoonyesha chujio linazuia vumbi kiasi gani, linabeba kiasi gani kabla ya kuziba, na linabana hewa kwa kiwango gani. Mtengenezaji asiyetoa takwimu hizo hastahili pesa zako.

Machujio ya pamba yanayopakwa mafuta yanataka uangalifu zaidi. Mafuta yakizidi, hurukia waya mwembamba wa sensa ya hewa. Kompyuta ya gari ikadhani hewa ni kidogo, ikapunguza petroli, na kwenye turbo upungufu huo unaweza kuvunja pistoni. Chujio lililoachwa wazi bila boksi nalo huvuta hewa ya moto chini ya boneti, na hewa ya moto hupunguza nguvu ileile uliyoifuata dukani.

Sikatai kwamba gari la mashindano lenye turbo kubwa linahitaji hewa zaidi. Lakini injini yake hufunguliwa na kukaguliwa kila mara. Yako unataka ikupeleke kazini miaka mingi. Hata hao wa mashindano waliliogopa vumbi. Dereva Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, magari ya Safari ya timu yake ya Subaru yalifungwa bomba la kuvuta hewa juu, kando ya kioo cha mbele, mbali na maji na vumbi la chini.

Kwa hiyo nunua chujio linalokaa ndani ya boksi la kiwandani, lenye mpira unaobana kingo zote. Baada ya wiki chache, fungua bomba la hewa upande wa injini na upanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, ama chujio halifai ama halikubana. Lirekebishe au ulibadilishe siku hiyohiyo, hata kama lilikugharimu pesa nyingi, maana kufanya injini upya ni ghali zaidi.