Mwizi wa ng'ombe mmoja alilipa watano

Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mwaka juzi, Jumanne moja asubuhi, nilipokea ujumbe kwa simu kutoka nambari nisiyoijua. Ulitaja majina yote matatu ya dada mmoja wa kanisa letu, ukasema ni mdaiwa sugu, na kwamba nimwambie alipe kabla ya saa sita la sivyo nami nitahesabiwa kuwa mshirika wake. Nilidhani ni matapeli. Kabla sijaweka simu chini, mzee wa kanisa akanipigia, naye ameupata. Mwenyekiti wa akina mama ameupata. Mwalimu wa mtoto wake ameupata. Hata fundi wa mabomba aliyemrekebishia sinki miaka mitatu nyuma ameupata.

Dada huyu alikuwa amekopa shilingi 3,000 kwa programu ya mikopo ya simu ili anunue dawa za mtoto. Alichelewa siku nne. Alipoiweka ile programu kwenye simu yake, ilimwomba ruhusa ya kusoma nambari zote alizohifadhi, naye akabonyeza kukubali, kama mimi na wewe tunavyobonyeza kila siku bila kusoma. Deni alilimaliza wiki hiyo hiyo. Kwenye kwaya hakuonekana kwa miezi mitano. (Ameniruhusu kuyasema haya bila kumtaja, na kampuni yenyewe pia sitaitaja.)

Nilipoenda kumwona nyumbani aliniuliza, "Pasta, si kuna sheria?" Nikamwambia ipo. "Sasa mbona hawaogopi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu hapo, na nadhani nimepata sehemu yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019. Kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na si ofisi ya kulala. Septemba 2023 ilitoza faini tatu kwa mpigo. Kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari za watu ilizopata kwa wengine na kuwatumia vitisho. (Si hao waliomsumbua dada yetu; nawataja kwa sababu uamuzi ulitangazwa hadharani.) Klabu moja ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja ya Uthiru ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ruhusa ya wazazi.

Tazameni hapo vizuri. Aliyelipa zaidi ni shule. Kwa shule, milioni nne na nusu ni basi la watoto, ni mishahara ya walimu. Inauma. Lakini sheria yetu inasema faini isizidi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, na kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo. Kidogo! Ulaya waliandika kinyume: euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, kile kilicho kikubwa. Kwa hiyo hapa kwetu, kadiri kampuni inavyokuwa kubwa, ndivyo faini inavyozidi kuwa nyepesi kwake. Mwenye lori anayejua kwamba faini ya kuegesha vibaya ni ndogo kuliko faida ya kushushia mzigo mlangoni, ataegesha pale pale kesho. Kwake ile si adhabu, ni gharama ya siku, anaiweka pamoja na mafuta.

Na msidhani hata kuongeza sufuri kunatosha. Julai 2019 serikali ya Marekani iliitoza Facebook dola bilioni 5, baada ya ile habari ya Cambridge Analytica, kampuni ambayo wakuu wake walirekodiwa kwa siri wakijisifu kwamba walifanya kazi katika kampeni za hapa Kenya za 2013 na 2017. Habari ya faini ilipotoka, bei ya hisa za Facebook ilipanda. Ilipanda, wapendwa, kwa sababu wenye hisa walikuwa wamepiga hesabu: mapato ya mwaka ule yalizidi dola bilioni 70, kwa hiyo faini yote haikufika mapato ya mwezi mmoja. Mei 2023 kampuni hiyo, sasa ikiitwa Meta, ilitozwa na Ireland euro bilioni 1.2 kwa kupeleka data za watu wa Ulaya Marekani. Hayo ni mapato yake ya siku tatu au nne.

Sasa fungueni Kutoka 22. Aliyeiba ng'ombe, akamchinja au kumuuza, alilipa ng'ombe watano. Kama mnyama alipatikana mkononi mwake angali hai, alilipa wawili. Nimehubiri sura hii mara nyingi na sikuwahi kuuliza kwa nini hesabu zinatofautiana. Aliyeuza amefunga njia ya kurudi. Na hiyo ndiyo hali ya data: nambari yako ikishatoka hairudi zizini. Tena wale ng'ombe watano hawakwenda kwa mfalme, walikwenda kwa aliyeibiwa. Zakayo naye aliyajua hayo; aliahidi kuwarudishia mara nne wale wale aliowadhulumu.

Faini ya Kamishna inaingia serikalini. Dada yetu hakupata hata shilingi. Ni kweli, sheria inamruhusu kudai fidia, na malalamiko yanatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90. Nilimwambia. Akanijibu, "Pasta, niende kueleza aibu yangu mara ya pili?" Nikanyamaza.

Kwa hiyo mimi nasema faini peke yake haitoshi. Kinachowazuia watu hawa ni kuondolewa kile kinachowapa faida. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zilisema mkopeshaji wa simu lazima awe na leseni, na zikamkataza kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Mei 2023 Google nayo ilizikataza programu za mikopo kwenye duka lake kusoma nambari na picha zilizo kwenye simu. Huwezi kuwatisha watu usioweza kuona nambari zao. Na wale vijana wetu waliopanga foleni KICC 2023 Worldcoin ipige picha mboni za macho yao kwa malipo ya kama shilingi 7,000? Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba. Amri kama hiyo mhasibu haiwezi kuiandika kama gharama ya biashara.

Nilitaka kuishia hapo, lakini Roho hakuniacha.

Baada ya Siku ya Watoto tuliweka picha zaidi ya mia mbili kwenye ukurasa wa kanisa. Saa tano usiku mama mmoja alinipigia analia. Alikuwa amemkimbia mume aliyekuwa akimpiga, na huku kwetu hakuna ndugu aliyejua anakoishi. Mtoto wake alionekana mbele kabisa, na bango la kanisa nyuma yake. Niliiondoa picha usiku ule, lakini ilikuwa imeshasambazwa. Alihama tena baada ya wiki mbili. Mimi hakuna aliyenitoza faini. Nilichofanya ni kile kile kilichofanywa na ile shule ya Uthiru.

Basi Jumapili hii baada ya ibada ya pili, wazazi wa Shule ya Jumapili tubaki dakika kumi. Kuna fomu ya idhini ya picha, na anayekataa haulizwi sababu. Kwenye kundi la WhatsApp la maombi tusiandike tena jina la mtu na ugonjwa wake kabla hajakubali mwenyewe. Na yeyote aliyesumbuliwa na hawa wa mikopo anayetaka kulalamika kwa Kamishna, aje ofisini Jumatano alasiri. Tutaandika barua pamoja, mlango ukiwa umefungwa.