MASHAURI YA NYUMBANI: Kufungua fumbo si kubomoa mlango



Mama mmoja wa Ankoro ametuletea shauri ambalo, bila shaka, limewasumbua wazazi wengine pia. Mwanawe yu katika mwaka wa tatu wa sekondari. Kila jioni huazima simu ya mjomba wake, akasikiliza wimbo wa kufungulia katuni mara kumi, mara ishirini, huku akiandika nukta na mistari katika daftari. Alipoulizwa afanya nini, alijibu kwamba ajifunza udukuzi. Mama akashtuka, maana kwa kadiri alivyosikia, wadukuzi ni watu waingiao kwa siri katika simu na kompyuta za wengine wakaiba fedha. Basi atuuliza: je, amnyang'anye daftari, au amwache?

Jibu letu ni hili: asimnyang'anye daftari, wala asimwache peke yake.

Kwanza yafaa tujue kijana afanya nini. Wako wadukuzi wezi, ni kweli. Lakini wako pia wale walioajiriwa na mabenki na serikali ili waijaribu milango ya kompyuta, na pakiwa na tundu, lizibwe kabla mwizi hajaliona. Kazi hiyo ya pili huanza kufundishwa kwa mafumbo. Mtegaji huficha neno mahali fulani, nalo huitwa "bendera". Mwanafunzi hulitafuta, na akilipata ameshinda. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kilianzisha shindano la namna hiyo kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, liitwalo picoCTF, wala hawatozwi ada. Chuo hicho kina tawi huko Kigali, Rwanda, jirani zetu, na vijana wa Afrika wamekwisha kushindanishwa kutoka hapo.

Mafumbo ya wanaoanza si ya kutisha. Moja ni la kale sana, la Julius Caesar, jemadari wa Roma, ambaye katika barua zake za siri alisogeza kila herufi hatua tatu mbele: A ikawa D, B ikawa E, na kadhalika. Kwa njia hiyo neno HODI huandikwa KRGL. Asiyejua kanuni huona takataka. Aijuaye hurudi hatua tatu nyuma, akasoma. Fumbo jingine, lililotolewa katika picoCTF mwaka 2022, lilikuwa sauti tupu: milio mifupi na mirefu, yaani alama za Morse zilizotumiwa zamani katika telegrafu. Mlio mfupi huandikwa nukta, na mrefu huandikwa mstari. Kisha nukta na mistari hugeuzwa kuwa herufi. Mama mpendwa, bila shaka hizo ndizo alama ulizoziona katika daftari.

Lakini je, wimbo wa filamu waweza kuficha neno? Waweza. Mwaka 1987 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha hadithi za askari mpelelezi aitwaye Inspector Morse. Mtunzi wa muziki wake, Barrington Pheloung, alilitia jina la Morse ndani ya wimbo wenyewe, kwa milio mifupi na mirefu. Watu wengi waliusikia miaka na miaka bila kujua kwamba wimbo ule ulikuwa ukitaja jina.

Walakini kijana na aangalie: si kila wimbo una siri. Wimbo wa katuni hutungwa kwanza uwaite watoto. Tazama Tinga Tinga Tales, katuni iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Husimulia hadithi za wanyama wa Afrika, nayo imepewa jina la Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania aliyefariki mwaka 1972. Mwanamuziki Eric Wainaina wa Kenya alishiriki kuutunga muziki wake. Mtoto asikiapo milio ya kwanza, aacha vyote akimbilie televisheni, maana ajua hadithi yaanza. Mwito huo watosha kuwa kazi ya wimbo. Usikilize hata mara mia, hutapata bendera mahali ambapo hakuna aliyeificha. Atafutaye siri pasipo na siri hufanana na mtu aonaye uchawi katika kila homa: atachoka, na mwisho atamsingizia jirani yake. Basi mtu mwenye akili huuliza kwanza: fumbo hili limetegwa na nani?

Wazee wetu hawatashangaa kusikia kwamba sauti isiyo na maneno yaweza kusema. Mto Lualaba, ukutanao na Luvua hapa Ankoro, huteremka mpaka Kisangani, na mbele kidogo hufika Yakusu, katika nchi ya Walokele. Huko mmisionari wa Kiprotestanti, John Carrington, aliyefika mwaka 1938, alijifunza lugha ya ngoma za gogo, akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Ngoma ile ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa kuwa maneno mengi hulingana kwa sauti hizo, mpigaji hulirefusha neno ili asikilizaye asipotee: hataji mwezi tu, bali mwezi utazamao duniani; hataji kuku tu, bali kuku mdogo mwenye kulia kiokio. Hata kompyuta za leo huongeza alama katika habari wanazopelekeana, ili kosa la njiani lisiharibu maana.

Na sisi wa nchi ya Waluba tunayo lukasa, ubao uliopambwa kwa shanga na makombe, ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa vidole, wakasimulia habari za wafalme. Si kila mtu aliyeweza kuusoma. Mtu alifundishwa kwanza, akapewa ruhusa, ndipo akasoma.

Neno hili la ruhusa ndilo kiini cha shauri letu. Mwenye kitendawili hutangaza, nasi twajibu: "Tega!" Hapo amefungua mlango mwenyewe. Lakini simu ya jirani haikutega kitendawili. Namba ya siri ya fedha za mjane si fumbo. Ni kufuli ya nyumba yake, na ndani yake mna karo na dawa. Atakayeifungua amevunja amri ya saba, hata kama alitaka kuonyesha ujuzi tu na hakuchukua hata faranga moja. Amevunja pia sheria ya nchi, maana kanuni ya mambo ya dijitali ya Kongo, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, huwaadhibu waingiao katika kompyuta za wengine bila ruhusa.

Vijana, mkitaka mfano, mnaye karibu. Floribert Bwana Chui wa Goma alifanya kazi ya kukagua bidhaa ziingiazo nchini. Alipewa rushwa apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa, na mwezi wa Julai 2007 akauawa, mwenye umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwake, naye aliutumia kuwalinda watu asiowajua. Ujuzi wa kufungua na kufunga hupewa mtu kwa ajili hiyo.

Basi, mama mpendwa, keti na mwanao. Mwulize mambo matatu: Nani ametega fumbo hili? Amekuruhusu ulifungue? Ukiona tundu, utamwambia mwenye nyumba au utanyamaza? Akijibu vema, mpe daftari jingine. Masomo ya shule yatangulie, na mjomba aombwe simu yake kila mara, wala isichukuliwe kimya kimya.

Nao wasomaji wetu wa shule, tumewategea fumbo kwa ruhusa yetu wenyewe, kwa kanuni ileile ya Caesar. Someni pamoja na wazazi wenu:

RPED UXKXVD