Zilipendwa Hazipo Zote Kwenye Flashi

Kijana anayeingiza nyimbo kwenye flashi pale stendi ya Mlowo ni mchapakazi, na sina ugomvi naye. Ana kompyuta moja, saboofa moja na mwavuli mkubwa wa kuzuia jua. Unampa flashi yako, anakuuliza unataka injili, bongo fleva, singeli au zilipendwa, na kabla chai yako haijapoa kazi imekwisha. Mwezi uliopita nilimwomba zilipendwa. Aliponirudishia flashi alisema kwa moyo mweupe kabisa: "Mzee, humo zipo zote. Hakuna wimbo wa zamani ambao haumo."

Nilikwenda nazo nyumbani nikazisikiliza jioni mbili. "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwamo mara tatu. "Zuwena" ya Marijani Rajab mara mbili. "Sina Makosa" ya Les Wanyika ilikuwamo, imekatwa kabla gitaa halijamaliza kusema. Ni nyimbo kubwa, na anayezipenda hakosei. Lakini nilipoondoa zilizojirudia zilibaki chini ya 70, na yule kijana anaamini kwamba hizo ndizo zote walizocheza babu na bibi zake tangu ujana wao hadi uzee.

Hajaizua yeye imani hiyo. Naisikia kwa walimu, kwa watangazaji, kwa wasomi waliorudi likizo kutoka Dar es Salaam: muziki wa zamani wote umeshahamia kwenye simu, kwa hiyo santuri zilizobaki majumbani ni uchafu wa stoo. Nasema ni uongo, na hapa kwetu Mbozi uongo huo unatugharimu kila wiki.

Gharama yake nimeiona kwa macho. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita vijijini na mizani yao. Gramafoni inapimwa kwa kilo, pamoja na jembe bovu na rimu ya baiskeli. Santuri si chuma, kwa hiyo zinaachwa uani. Watoto wanarushiana mpaka zinavunjika. Iyula nimekuta moja imefunikia ndoo ya maji, tundu la katikati limezibwa kwa kipande cha gunzi. Niliomba niione. Karatasi yake ilikuwa imeshaloa na kung'oka, jina la mwimbaji limekwenda nayo, na mifereji imejaa mikwaruzo ya kata. Mwenye nyumba alinishangaa. "Si zipo kwenye simu hizi?" Nikamuuliza ni wimbo gani, nami niutafute kwenye simu. Hakujua. Aliyejua alikuwa marehemu mumewe.

Hapo ndipo imani hii inapoanguka. Simu inakupa kile unachojua kukiuliza. Wimbo ambao jina lake limepotea hauna pa kuulizwa, na ukiwa umebaki kwenye santuri moja iliyofunikia ndoo, basi huo wimbo uko kwenye ndoo. Haupo kwingine.

Wengi wanadhani santuri za kwetu ni zilezile za Dar es Salaam, kwamba mtu wa mjini ameshazitunza kwa niaba yetu. Hawajui zilikotoka. Wazee wa Mbozi, Rungwe na Ileje walikwenda kutafuta fedha kusini. Wengine waliandikishwa na Wenela, shirika la kuajiri wachimbaji, wakapelekwa migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Wengine walivuka wenyewe kwenda migodi ya shaba ya Kitwe na Mufulira. Waliporudi walishuka na baiskeli, suti, blanketi, cherehani, na wenye bahati wakashuka na gramafoni na santuri zake ndani ya sanduku la bati. Baadaye fedha ya kahawa nayo ikanunua za kwake. Mpaka wa Tunduma haukuwahi kuzuia wimbo. Ndiyo maana kwenye stoo za huku utakuta gitaa kavu la Kibemba limelala juu ya dansi la Morogoro, na chini yake kwaya ya Kizulu ambayo hakuna hata mmoja nyumbani anayeelewa maneno yake ila wote wanajua kuiitikia.

Nani mjini ana mkusanyiko wa namna hiyo? Ulikusanywa na miguu ya wachimbaji, na haukupita Dar.

Katika santuri hizo kuna Kiswahili ambacho vijana wetu hawajawahi kukisikia. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, Katanga, nchini Kongo. Wimbo wa "Masanga" uliotoka hapo ulizunguka Afrika nzima, na wapiga gitaa wa Nairobi waliujifunza kwa kusimamisha sindano na kuirudisha, mara mia, mpaka vidole vikakubali. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha migodini, Kiswahili kilichopikwa na Wabemba, Waluba na wengine. Leo Bosco anapatikana mtandaoni, nafurahi. Je, waliokuwa wakipiga gitaa pembeni yake, waliotoa santuri mbili wakarudi shimoni, nao wanapatikana?

Nije kwenye dansi letu wenyewe, maana huko ndiko wanaobisha hujiona salama. Husema: Radio Tanzania ilirekodi bendi zote, kanda zipo. Kanda za redio hiyo ni hazina kweli, na waliozilinda wanastahili heshima. Ila tukumbuke jinsi mambo yalivyokwenda. Bendi ilirekodi studio ya redio, wimbo ukapigwa hewani. Kuuchapa kwenye santuri ilikuwa safari nyingine, maana Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa. Kazi hiyo ilifanyika Nairobi. Huko wakati mwingine bendi ilirekodi tena, kwa kampuni ya santuri, siku nyingine, labda na mpiga saksafoni mwingine. Kwa hiyo wimbo ule ule unaweza kuwa na sura mbili: moja ya kanda ya redio, nyingine ya santuri. Mpenda dansi anayejua ladha atakwambia ni chakula kile kile kwa mpishi tofauti. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa mpaka 1983, na njia ya santuri za Nairobi kufika huku ikawa nyembamba. Zilizokuwa zimeshafika zikawa ndizo hizo.

Na santuri ndogo ina pande mbili. Huu ndio ukweli mdogo unaonikera kuliko yote kwa jinsi unavyosahauliwa. Wimbo uliopendwa uliwekwa upande wa kwanza. Redio ikaupiga huo, kaseti zikanakili huo, anayepandisha mtandaoni akapandisha huo. Upande wa pili ulibaki na wenye santuri tu. Nimekuta huko nyimbo za misiba ya wanabendi, salamu kwa wafadhili, visa vya mitaa iliyobadilishwa majina. Mwanamuziki aliyejua kwamba upande huu hautapigwa redioni wakati mwingine aliachia gitaa likaenda linakotaka. Nusu ya kazi yake iko huko.

Kisha kuna ile karatasi ya duara katikati. Imeandikwa jina la wimbo, la bendi, mara nyingi la mtunzi, na namba ya toleo. Kando yake, kwenye sehemu laini isiyo na sauti, mchapaji ameacha namba yake; ukiinamisha santuri kwenye mwanga unaiona. Huo ni ushahidi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa Januari 1979. Hesabu mwenyewe. Sasa familia ya mwanamuziki asiye na jina kubwa kama lake itathibitishaje kwamba wimbo ni wa baba yao? Kwa faili lililoandikwa "Zilipendwa Mix 4"? Nyimbo zikichanganywa hivyo, mtunzi ananyang'anywa kazi yake, tena na watu wanaompenda.

Nakubali wanaobisha wana hoja moja nzito: santuri inahitaji mashine, umeme na sindano, na Mlowo sindano hazipatikani. Ya kwangu iliagizwa Dar ikaja kwa kifurushi cha basi, na niliisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Siwezi kumwambia mama muuza mahindi aache simu yake anunue mashine. Wala sihitaji asikilize santuri. Ninachomwomba ni asiitupe. Aiondoe juani maana inapinda, aisimamishe kwa ukingo kama sahani kwenye kichanja badala ya kuirundika, aifute kwa kitambaa laini na maji kidogo. Zile nzito za zamani, zinazovunjika kama kigae, asiziguse kwa spiriti, kwa sababu zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu na spiriti inauyeyusha. Baada ya hapo ziwekwe tu. Hazili, hazinywi.

Kinachouma zaidi ni kwamba majirani zetu walishatuonyesha njia. Nairobi, katika Soko la Kenyatta, James Rugami ameshikilia kibanda namba 570 tangu 1989, amezungukwa na nyama choma na vinyozi, akipokea santuri ambazo watoto wa marehemu hawazitaki. Watu wanatoka Ulaya na Japani kumfuata. Ng'ambo ya mpaka wetu, Zambia, vijana wa roki wa miaka ya 1970 walikuwa wamesahaulika kabisa. Emmanuel Jagari Chanda wa bendi ya WITCH alikuwa akichimba vito. Waliokuwa na santuri zao ndio waliofanya dunia iulize habari zake, zikatolewa upya, na mzee akapanda tena jukwaani akiwa hai, akiona kwa macho yake. Hata hapa nchini, Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Kama Waunguja wangesema santuri zake za kampuni ya HMV ni uchafu wa stoo, leo sauti yake ingekuwa hadithi tu.

Sisi tuko karibu na Zambia, tuna reli ya TAZARA inayopita wilayani, tuna barabara kuu, tuna wazee ambao bado wanaweza kutaja jina la mwimbaji kwa kusikia gitaa la mwanzo. Wazee hao wanapungua kila msimu wa kahawa. Santuri bila mzee wa kuieleza ni bubu, na mzee bila santuri anabaki akiimba mstari mmoja aliokumbuka. Tunavyo vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa muda mfupi huu, halafu tunaviacha kwa sababu mtu ametuambia vipo kwenye simu.

Yule mama wa Iyula nilimrudia. Nilibeba mashine ndogo ya betri, nikaisafisha santuri yake ya kwenye ndoo taratibu, nikaweka sindano. Ilikwaruza, ikaruka mara mbili, kisha likatoka gitaa kavu na sauti ya mwanaume kwa Kibemba. Mama aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea. Alisikiliza mpaka mwisho bila neno, kisha akaimba kiitikio chote, mwenyewe, baada ya santuri kunyamaza. Alijifunza kwa mumewe kabla hajajua maana yake. Akaniambia maana. Akaniambia pia jina la mwimbaji kama mumewe alivyolitamka, nami nimeliandika hivyo hivyo, nalitafuta bado.

Nilirekodi kwa simu, kwa ajili yake na wajukuu. Kisha niliiazima santuri, nikapita stendi nikampigia yule kijana wa flashi rekodi hiyo. Alitafuta kwenye kompyuta yake, akatafuta mtandaoni, akashika simu yangu ikiimba sikioni huku akitikisa kichwa. Hakuipata. Akaniomba aishike santuri yenyewe. Akaizungusha kwenye mwanga, akapitisha kidole ukingoni, akaigeuza.

"Na upande huu, mzee? Umeimbwa nini?"