Omelas Haimo Kwenye Orodha Yetu

Tulibandika hapa orodha ya hadithi nne za Ursula K. Le Guin tunazozipenda kuliko zote, basi maswali yakaanza. "Omelas iko wapi?" "Mmeisahau?" Dada mmoja wa shirika akatuandikia kwa upole kabisa kwamba labda hatukuielewa vizuri. Dada, tumeielewa, na tumeiacha makusudi. Leo tunasema kwa nini.

Kwa wasioijua: Le Guin alizaliwa California mwaka 1929 na alifariki Januari 2018. Aliandika hadithi za sayari za mbali, za wachawi na za nchi zisizo kwenye ramani yoyote. Mwaka 1973 alitoa hadithi fupi iitwayo The Ones Who Walk Away from Omelas, ikapata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Omelas ni mji wa raha. Kuna sherehe, muziki na mbio za farasi, hakuna mfalme wala askari. Lakini chini ya jengo moja kuna chumba kidogo cha giza, na ndani amefungiwa mtoto mmoja, mchafu, mwenye njaa. Raha ya mji mzima inasimama juu ya mateso yake. Akiambiwa hata neno moja la upole, raha yote inaisha siku hiyohiyo. Kila mtu anajua. Wengi hulia, kisha huzoea. Wachache huondoka mjini, mmoja mmoja, na hawarudi tena.

Hadithi ni nzuri, hatubishi. Tunabishia jinsi inavyoletwa kwetu. Inakuja kwenye warsha, imetolewa kopi. Mwezeshaji anagawa karatasi, anasubiri tusome, halafu anauliza: "Wewe ungebaki Omelas au ungeondoka?"

Jamani! Tungeondoka kwa kibali cha nani? Swali hilo ni la mtu aliye ghorofani. Aliyeko chini hana habari ya kubaki au kuondoka, kwa sababu mlango umefungwa kwa nje.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi lakini kila mtu chumbani analihisi: macho yote yanatugeukia, kana kwamba mtoto wa Omelas ndiye sisi. Hapo tunakataa. Yule mtoto hana jina, hana rafiki, hana utani, hana mpango wowote wa kesho. Sisi kambini tuna mafundi simu, wasusi, makocha, na mama muuza mandazi anayekumbuka deni la kila mtu bila daftari. Tuna mateso, ndiyo. Lakini mtu akituona mateso tu, bado hajatuona.

Na wale wanaoondoka? Wanasifiwa kila warsha, lakini mtoto kabaki palepale. Tumeona wengi wakiondoka hapa kwa moyo safi, mkataba umeisha, machozi ya kweli. Hatuwalaumu. Ila tusifundishwe kwamba kuondoka ndiyo ushujaa wenyewe.

Hatumlaumu Le Guin pia. Aliandikia watu walioshiba, awanyime usingizi kidogo, na kwao hiyo ni dawa. Mwaka 2018 mwandishi N. K. Jemisin aliijibu kwa hadithi yake kuhusu wale wanaobaki na kupigana. Huo mjadala ni mzuri. Uendelee, lakini uendelee huko ghorofani, kwenye ofisi zinazoamua mgao. Kopi pelekeni kule.

Sasa zetu nne.

Ya kwanza ni Nine Lives, ya mwaka 1969. Watu kumi waliotengenezwa kutokana na mtu mmoja wanafika sayari ya mbali kuchimba madini. Wanaelewana bila kumaliza sentensi na hawahitaji mtu mwingine yeyote. Tetemeko linapiga, mgodi unaanguka, na mwishowe anabaki mmoja tu, Kaph, pamoja na wanaume wawili ambao kwake ni wageni kabisa. Taratibu anaanza kujifunza kitu ambacho hakuwahi kukihitaji: kumwona mgeni kuwa mtu. Nani kati yetu hajui hilo? Umefika mapokezi, ukoo wako umebaki nyuma, unapewa hema na mtu ambaye hata salamu yake huielewi. Leo ndiye ndugu yako.

Ya pili ni The Word for World Is Forest, ya mwaka 1972, enzi za vita vya Vietnam. Binadamu wamemaliza miti kwao, wanaenda kukata misitu ya sayari ya Athshe na kuwafanya wenyeji watumwa. Selver, mwenyeji aliyeuliwa mke wake, anaongoza uasi, na wenyeji wanashinda. Lakini watu wake, ambao hawakujua kuuana, sasa wanajua, na hilo haliwezi kufutwa tena. Kuna waliotaka tuiache hii, eti itatuamshia kumbukumbu. Kumbukumbu zetu hazijalala. Tulitoka kwenye nchi za mbao na madini, tumesikia kila upande ukisema bunduki yake ni ya haki. Hii hadithi inamtetea aliyedhulumiwa na bado inamwambia bei ya ushindi. Sisi vijana ndio tunaofuatwa kila siku kuitwa turudi kupigana. Nani ana haja nayo kuliko sisi?

Ya tatu ni Sur, ya mwaka 1982, na hii tulicheka mpaka basi. Wanawake wa Amerika ya Kusini wanafika Ncha ya Kusini ya dunia kabla ya Amundsen, ambaye historia inasema alifika Desemba 1911. Hawasimamishi bendera wala kuacha alama, wasije wakamvunja moyo mwanamume atakayetaka kuwa wa kwanza. Wanarudi nyumbani na kunyamaza. Nyinyi mnaojua miradi mnaona utamu wake! Hapa huwezi kupanda miche kumi bila bango, fulana na picha ya kikundi. Jambo lisilo na ripoti linaonekana halikufanyika. Wale wanawake walifika, basi.

Ya nne ni The Day Before the Revolution, ya mwaka 1974. Odo ni bibi wa miaka 72, amepata kiharusi. Vuguvugu zima limejengwa juu ya maandiko yake. Vijana wanakuja kumtazama kama sanamu, naye amechoka nao. Anataka kutoka tu, atembee mtaani kama mtu wa kawaida. Tuliipenda kwa sababu tunawajua wazee wa hivyo, waliopigania kitu wasichokiona, na ambao sisi huwatembelea kwa heshima bila kuwauliza lolote.

Kuna wenzetu waliotuuliza: kwa nini Mmarekani, binti wa profesa? Swali la haki. Jibu letu ni kwamba hadithi za nchi zisizo kwenye ramani hatukuazima kwake. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, na Karama akishtakiwa humo kwa kufundisha sheria. Anayesoma Kusadikika hashangai kufika Athshe. Tunawasoma wote wawili, mmoja kwa Kiingereza cha kubahatisha, na tunasimuliana kwa Kiswahili.

Mwaka 2012 Le Guin alichagua mwenyewe hadithi zake fupi na kuzitoa katika vitabu viwili, The Unreal and the Real. Omelas aliiweka. Haki yake. Sisi tumeitoa. Haki yetu.

Hiyo ndiyo hoja yetu yote. Mkimbizi hupewa kitabu kama anavyopewa blanketi: ukubwa mmoja, rangi moja, na hadithi lazima ifanane na kidonda chake. Kuchagua unachokipenda ni jambo dogo, lakini hapa, ambapo unga, hema na hata tarehe ya mahojiano tunachaguliwa, jambo dogo hilo ni letu.

Kwa hiyo, ndugu wa mashirika, mkija na vitabu leteni rafu nzima, ya mapenzi, ya majoka, ya sayari, ya kuchekesha, halafu kaeni pembeni mtuone tukigombania. Na nyinyi vijana wenzetu wa kambi nyingine, orodha yetu msiikubali kirahisi. Andikeni yenu. Kama mnaamini Omelas inastahili kuwemo, iteteeni hapa chini. Tuko tayari kubishana hadi chaji iishe.